Agave (jamii ya mkonge) za pwani ya mashariki ya Unguja zinaoza moyo kila baada ya masika: tatizo ni nini hasa?

#1 Mwana_Uwanda
Assalaam alaykum wadau. Hoja yangu najua itapingwa. Hizi bustani za jangwani zinazotengenezwa Paje, Jambiani, Makunduchi mpaka Kiwengwa zinanakiliwa kutoka picha za Arizona, na ndiyo maana agave zinaoza. Tucson inapata mvua kama milimita 300 kwa mwaka. Unguja tunazungumzia 1,600.

Kesi iliyopo mezani: nyumba ya wageni Jambiani, mita 80 kutoka ufukweni, maweni matupu (jiwe la matumbawe, udongo haba). Mashimo yamechimbwa kwa sururu na mtaimbo, kina sentimita 50, upana 60. Yakajazwa kinongo cha lori (ule udongo mwekundu) kilichochanganywa na samadi, ikatandazwa nailoni nyeusi, juu kokoto nyeupe. Miche 24 ilipandwa Novemba: *Agave americana* ya mistari ya njano 10, *A. angustifolia* ya ukingo mweupe 8, *A. desmetiana* 6.

Mwisho wa Mei americana sita zimelala. Majani ya chini yamelegea, moyo unang'oka ukiuvuta kwa mkono mmoja, na harufu haisemeki. Angustifolia zote nane zimesimama. Desmetiana mbili zina madoa ya kahawia upande mmoja wa majani. Mkandarasi anasema ni jua. Mimi nasema ni maji. Nyie?

#2 Sururu
Wa alaykum salaam. Jua limeua agave! Mwambie mkandarasi apande boti aende Tanga akaulize mkonge umekaa chini ya kivuli cha nani.

#3 Fundi_Kokoto
Mwana_Uwanda, kesi iko kwenye shimo. Jiwe la maweni linapitisha maji lakini si kila mahali. Ukilipiga sururu, unga wake unaziba vitundu, halafu kinongo kikilowa kinajipaka pembeni kikamalizia kuziba. Umebaki na sufuria ya jiwe. Mvua ya usiku mmoja inaijaza na maji hayana pa kutokea. Juu umefunga nailoni, hata upepo haukaushi. Mizizi ya agave haizami sana, mingi imetandaa kwenye sentimita 15 mpaka 30 za juu. Ikikaa bila hewa siku tatu nne kwenye joto letu inakufa, na hapo fangasi wa Phytophthora anaingia, na bakteria nyuma yake.

Kipimo ni rahisi. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha simamisha rula. Yakishuka sentimita 5 au zaidi kwa saa, panda. Yakishuka chini ya hapo, piga mtaimbo katikati ya shimo mpaka usikie unazama kwenye uwazi, halafu jaza tundu hilo kokoto kavu bila udongo.

Na Arizona usiisingizie. Kule wana tabaka gumu la chokaa chini ya udongo, wanaliita kaliche, na fundi anayejua kazi analitoboa kabla ya kupanda. Watu wetu wamenakili kokoto wakauacha mtaimbo.

#4 Bi_Miche
Masahihisho mawili. Kwanza, 1,600 ni kadirio la Unguja kwa jumla. Pwani ya mashariki na kusini inapata pungufu kuliko mjini na upande wa magharibi, na Pemba ndiyo inayotuzidi sote. Kinachoua si jumla ya mwaka, ni wiki tatu za Aprili ambazo udongo haupati siku ya kukauka. Pili, Fundi, Phytophthora si fangasi wa kweli, ndiyo maana dawa nyingi za fangasi za dukani unazipulizia na hazifanyi kitu.

Swali kwa Mwana_Uwanda: miche ilitoka wapi, na ilikuwa na ukubwa gani siku ya kupandwa?

#5 Mlingoti
Mnakimbilia maji wote. Moyo kung'oka kwa mkono mmoja, pamoja na harufu, pamoja na americana kuwa za kwanza kuanguka: mimi hapo nasoma fukusi wa mkonge, *Scyphophorus acupunctatus*. Asili yake ni Mexico, na mashamba ya mkonge ya bara yanamjua zamani. Ni mweusi tii, urefu sentimita moja na kitu mpaka karibu mbili, mdomo mrefu umepinda kwenda chini. Jike linatoboa shina pale majani ya chini yanapoanzia, linataga humo. Funza wanatafuna ndani, na vijidudu vinavyoingia kwenye lile tundu ndivyo vinavyogeuza shina kuwa uji. Kwa nje huoni kitu mpaka siku mche unapolala.

Americana ni chakula chake kipenzi, na anapenda mche mkubwa ulioshiba kuliko mdogo.

Cha kufanya: usipige dawa kwanza. Ng'oa mmoja uliolala, kata shina vipande kwa panga kama unavyokata nanasi, tazama ndani. Fukusi akiwepo utamwona.

#6 Sururu
Mlingoti hata mtu akiumwa jino atamwambia ni fukusi 😄

#7 Mlingoti
Na wewe hata mche ukiibiwa utasema shimo halikuchimbwa kwa sururu.

#8 Wete_Juu
Sisi huku Wete, Pemba, tuna kinamo (udongo mzito wa kunata), sio maweni, na agave zetu tunapanda juu ya tuta la nusu mita. Zinasimama masika yote. Kwa hiyo mimi niko na Fundi: ni maji. Ila nauliza, mna hakika zile ni americana? Hoteli nyingi wanaita agave mmea ambao ni Furcraea, katani ya Mauritius. Majani yake ni ya kijani angavu, yanapinda, miba ya pembeni haipo au iko chini tu karibu na shina, na ncha haina mwiba mkali wa kudunga. Ile inavumilia unyevu kuliko agave.

#9 Mwana_Uwanda
Wete_Juu, ni americana. Majani ya kijivu-bluu, mwiba mweusi mbele wa sentimita tatu, na ukilifungua jani unaona alama ya miba ya jani la jirani imejichapa juu yake.

Bi_Miche: americana zilikuja na boti kutoka bara, kubwa, upana wa mita moja, mizizi imekatwa kwa panga karibu na shina. Angustifolia na desmetiana ni machipukizi ya hapahapa.

Mlingoti: tumekata mbili. Ya kwanza ina funza wawili weupe, urefu kama wa sentimita moja na nusu. Ya pili uji mtupu, hakuna funza, hakuna tundu.

#10 Mlingoti
Funza wawili wanatosha. Kesi imefungwa.

#11 Fundi_Kokoto
Haijafungwa. Funza gani? Shina lililooza linaita kila mdudu. Funza wa nzi hana kichwa kinachoonekana, mbele amechongoka, nyuma mnene. Funza wa fukusi ana kichwa kigumu cha kahawia, hana miguu, amenenepa katikati na amejikunja kidogo. Akiwa na jozi tatu za miguu mbele na amejikunja kabisa, huyo ni wa jamii ya chonga (yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi), na huyo mara nyingi amefuata samadi ya kwenye shimo, si agave. Bila kuangalia kichwa na miguu huwezi kumhukumu mtu.

Na ile ya pili isiyo na funza unaielezaje?

#12 Mlingoti
Ya pili funza wamekwisha toka. Anayekomaa anajitengenezea kifukofuko cha nyuzi za mmea, halafu anatoka kama fukusi. Chambua uji na udongo ulio jirani na shina, utafute vifukofuko vya nyuzi, urefu wa kama sentimita mbili. Ukivikosa, nakubali maji. Kwa ule mmoja tu.

#13 Bi_Miche
Kuna kitu mnakipita. Angustifolia kusimama si ushahidi kwamba fukusi hayupo. Kule Oaxaca, Mexico, wanalima angustifolia mashamba kwa mashamba na fukusi huyuhuyu anawasumbua. Wala si ushahidi mzuri wa maji, kwa sababu zile nane zilipandwa zikiwa machipukizi madogo yenye jeraha dogo, na zile kumi zilikuja na jeraha la panga lenye upana wa kiganja, zikafukiwa siku hiyohiyo kwenye samadi mbichi yenye unyevu.

Jeraha la shina la agave linatakiwa likauke juu ya ardhi, kivulini, penye hewa. Chipukizi dogo siku 5 mpaka 7. Mche wa mita moja wiki mbili, hata tatu. Hautakufa, maji yake umeyabeba kwenye majani. Ukiuona umesinyaa kidogo usiuonee huruma.

Na mkandarasi msimcheke sana. Yale madoa ya desmetiana ya upande mmoja ni jua kweli. Mche uliolelewa chini ya wavu wa kivuli ukitolewa Novemba ukawekwa juu ya kokoto nyeupe, unaungua kwa juu na kwa chini, mwanga unarudi. Doa la jua ni kavu, lina mpaka, halinuki, na halisogei likishatokea. Uozo ni laini, unanuka na unapanda kila siku. Mche mmoja unaweza kuwa na vyote viwili.

#14 Pweza_Mkavu
Nyote mnatazama maji ya juu. Mita 80 kutoka ufukweni, maji ya chini yako wapi? Maweni ya pwani yana mapango na nyufa, bahari ikijaa maji ya chini yanapanda nayo. Kwetu bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, linafika kama mita nne kati ya kujaa na kupwa. Shimo la nusu mita kwenye kiwanja cha chini linaweza kuwa linalowa kutoka chini, tena kwa maji ya chumvi chumvi, kila mwezi mpevu na kila mwandamo. Mtaimbo wa Fundi hapo unafungulia bahari mlango.

Kupima: zamisha bomba la plastiki lenye matundu karibu na mashimo, teremsha ufito mkavu humo maji yakijaa, siku ya bamvua na siku ya maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Linganisha alama.

#15 Fundi_Kokoto
Pweza nadharia yako ni nzuri lakini chumvi ina sura yake. Inaanza kwenye ncha, jani linakauka kahawia kurudi nyuma. Hapa uozo umeanza kwenye shina.

#16 Pweza_Mkavu
Sikusema chumvi ndiyo imeoza. Nimesema unyevu hauishi hata siku zisizo na mvua. Na angustifolia ni mmea ambao kwao Yucatán unaota mpaka kwenye vichuguu vya mchanga wa pwani. Hiyo chumvi kwake ni chai ya asubuhi.

#17 Kaskazi_Mpole
Samahani kwa kuingilia, hii agave si ndiyo wanayopikia ile pombe?

#18 Sururu
Ile ni *A. tequilana*, majani membamba ya bluu. Na kabla hujauliza: hapana, hatufundishi humu.

#19 Mlingoti
Tukiwa hapo kwenye historia, mkonge wenyewe ulifika bara 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 kutoka Florida, vilivyofika Tanga vikiwa hai ni 62. Mashamba yote yale yametokana na hao 62. Kwa hiyo ukipoteza sita kati ya kumi usikate tamaa.

#20 Bi_Miche
Narudi kwenye kazi, maana watu wananiuliza pembeni. Kwa kiwanja cha maweni hivi ndivyo ningepanga, iwe muuaji ni nani.

Acha mashimo. Panda juu. Mwaga kifusi cha mawe, vipande vya ngumi, unene wa sentimita 30. Juu yake mchanganyiko, sentimita 30 nyingine: karai tano za kokoto ndogo za milimita 5 mpaka 10, karai tatu za mchanga mnene, karai mbili za kinongo. Samadi usiweke. Makumbi ya nazi usiweke, yanashika maji. Mchanga wa ufukweni usichote: una chumvi, na kuchota kwenyewe ni kutafuta kesi. Nailoni toa yote. Ukiogopa magugu, ongeza unene wa kokoto ufike sentimita 7 na uyang'oe kwa mkono.

Mche ukae juu, shingo yake sentimita 3 mpaka 5 juu ya uso wa tuta, maana tuta litashuka. Ulaze kidogo upande mmoja ili maji yasituame kwenye moyo. Mawe matatu ya kuushikilia mpaka uote mizizi.

Wakati: Juni na Julai, masika yakishaisha na kabla jua halijakolea. Ukipanda hapo mche una miezi tisa ya kushika ardhi kabla ya Aprili nyingine. Novemba unaupa mvua za vuli ukiwa na jeraha, kisha kaskazi ukiwa hauna mizizi.

Kule jangwani wanaweka alama upande wa kusini wa mche ili ukipandwa pengine uelekee vilevile. Huku jua linapita utosini mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba, halafu linahama upande. Alama haikusaidii. Unachohitaji ni kipande cha makuti juu ya mche wiki tatu, wiki ya pili ukikipunguza.

Maji: wiki ya kwanza hakuna. Baadaye mara moja kila siku 10 mpaka 14 wakati wa kaskazi, uloweshe kweli kisha uache. Masika hakuna kabisa.

#21 Kaskazi_Mpole
Na zile zilizopandwa kwenye ukoka?

#22 Bi_Miche
Ukoka unamwagiwa kila jioni. Chagua kimoja.

#23 Wete_Juu
Bi Miche umesahau mbolea. Kinongo karai mbili kati ya kumi ni njaa. Kwenye mkonge, potasi ikipungua jani linakauka mkanda pale chini karibu na shina halafu linavunjika kwa uzito wake. Mtu anaona majani yamelala anadhani ni uozo. Sasa na hizo sita, una hakika hakuna hata moja ya namna hiyo?

#24 Mlingoti
Hiyo ni kweli kwenye mashamba ambayo yamevunwa miaka na miaka, jani linaondoka na potasi yake. Mche wa miezi sita haujafika huko. Na mkanda wa potasi ni mkavu.

#25 Wete_Juu
Mche haukuanza maisha Novemba. Umetoka shamba gani huko bara, unajua?

#26 Mlingoti
Hapo umenipata. Sijui.

#27 Fundi_Kokoto
Kabla Mwana_Uwanda hajang'oa zilizobaki, tahadhari mbili.

Utomvu wa americana una chembe ndogo mfano wa sindano, unawasha ngozi vibaya na ukiingia jichoni ni hospitali. Mikono mirefu, glavu za ngozi, miwani. Msumeno wa mashine au mashine ya kufyekea usiutie kwenye agave kabisa, unakurushia utomvu mwili mzima. Tumia msumeno wa mkono au panga, na anza kwa kukata ncha zote za miba, sentimita moja tu. Ukikata zaidi jani linakauka kurudi nyuma na mmea unabaki na sura mbaya miaka.

Pili, waambie wahudumu waache kuzichonga majani ya chini zikae mviringo. Kila jani bichi unalokata ni kidonda chenye harufu, na kama Mlingoti yuko sahihi, umemwandikia fukusi barua ya mwaliko. Ondoa majani makavu tu. Ikiwa mche umesogelea njia, ulipandwa karibu mno. Americana inafika upana wa mita tatu na zaidi, ikae mita mbili kutoka ukingo wa njia. Penye watoto weka *A. attenuata*, haina miba, lakini ipate kivuli cha mchana.

#28 Mlingoti
Naongeza: miche iliyooza isitupwe kwenye lundo la mbolea. Ichomwe, pamoja na udongo wa sentimita 30 kuzunguka shina. Pale palipokufa moja usirudishe agave, weka mshubiri au kitu kingine. Nne zilizobaki zikague kila wiki kwenye makalio ya majani. Ukitaka dawa, ni ya kumwagia kwenye mizizi yenye imidakloprid, kwa kipimo cha kwenye kibandiko, udongo ukiwa mkavu, na kamwe mmea usiwe umetoa mlingoti wa maua, nyuki wanakuja kwa wingi. Dawa inazuia, haifufui uliokwisha lala.

Na ukiagiza nyingine bara, kibali cha afya ya mimea kwanza, na mche mdogo si mkubwa.

#29 Sururu
Swali la kizembe. Ikitoa mlingoti nikiukata mama anapona?

#30 Mlingoti
Haponi. Agave nyingi zinatoa maua mara moja zinakufa. Americana inachukua miaka kumi mpaka thelathini, desmetiana mapema zaidi. Ila kwenye sisalana (mkonge wenyewe) na angustifolia ukate kabla vitoto vya kwenye mlingoti havijadondoka, ni mamia kwa mamia na vinaota penye ufa wowote wa jiwe. Kiwanja kikipakana na msitu, hiyo ni lazima.

#31 Kaskazi_Mpole
Mbuzi wanakula?

#32 Wete_Juu
Mbuzi wa Micheweni au mbuzi wa kawaida?

#33 Mwana_Uwanda
Ahsanteni. Tumechambua uji wa ule wa pili. Kifukofuko kimoja cha nyuzi, kitupu. Kwenye wa tatu hakuna kitu, na chini ya shimo lake udongo unatoa maji ukiubana kwa mkono ingawa siku tano hazijanyesha.

#34 Mlingoti
Nilisema.

#35 Fundi_Kokoto
Nilisema mimi. Soma sentensi ya mwisho.

#36 Pweza_Mkavu
Siku tano bila mvua. Yaonje hayo maji basi. Na bomba likiwekwa, matundu yaanze sentimita 20 kutoka juu kwenda chini, pale juu uzungushie kinamo, la sivyo mtapima maji ya mvua tu na mje kunipinga.